Mwalimu Miao Adai Mtungi kwa Kiingereza

Mwalimu Miao Qingfu alikuwa amefundisha Kiingereza katika mji mdogo wa Shiyanzi, huko Uchina, kwa miaka thelathini na mitano, na hakuwahi kuonana uso kwa uso na Mwingereza hata mmoja. Hilo halikumkosesha usingizi. Mwalimu wa historia, alikuwa akisema, naye hajapata kuonana na mfalme yeyote, na mitihani anatunga. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na mji mzima ulimpenda kwa sababu moja: hakuwahi kumkatalia mtu jambo lolote. Hakujua namna. Neno "hapana" alilijua kwa lugha mbili na hakulitumia katika hata moja.

Kilichompa jina ni karatasi ya neno. Kila wiki alichukua neno moja la Kiingereza, akaliandika kwa mkono na maana zake zote, namna ya kulitumia, makosa ya kuepuka, na chini kabisa sentensi sita, kila moja na tafsiri yake. Wanafunzi wa darasa la tisa walizikariri. Na usidhani ni kukariri kwa kunong'ona. Saa moja asubuhi walisimama kwenye baraza, kila mmoja ameziba masikio asisikie ya mwenzake, wakapaza sauti: neno, maana, sentensi, tafsiri, tena kuanzia mwanzo. Mkuu wa shule, Bwana Bao, alizipenda kelele zile hata akanunua spika kubwa na kuielekeza mjini, ili wazazi wasikie kwamba shule inafanya kazi. Kwa hiyo wauza tofu na wachinja bata wa Shiyanzi walilijua neno la wiki, wapende wasipende.

Sasa tuje kwenye balaa lenyewe. Mkewe Mwalimu, Suhua, alikuwa na mtungi wa achari. Ulikuwa mtungi wa udongo wa rangi ya kahawia, tumbo kubwa, na maji yake ya chumvi yalianzishwa na bibi yake Suhua. Maji hayo hayakupata kumwagwa. Huongezwa chumvi, tangawizi na pilipili, hutumbukizwa kabichi au figili, na mwaka hadi mwaka hukomaa na kuwa na ladha ambayo mtu akiizoea, achari ya nyumba nyingine huiona maji ya kuoshea miguu. Suhua alikuwa Chengdu mwaka wa pili sasa, akimlea mjukuu. Siku ya kuondoka hakumwambia mumewe ale vizuri wala avae vizuri. Alimwonyesha kona ya jikoni, akasema, "Mtungi." Kisha akapanda basi.

Na mtungi wenyewe Mwalimu alikuwa ameuazimisha.

Yalikuwa hivi. Mwezi wa saba, paka wa jirani yake, Ruan Dagui, aliusukuma mtungi wa nyumbani kwa Ruan ukavunjika. Ruan alikuwa dereva wa lori mstaafu, mtu wa sauti nene na moyo mkunjufu, mwenzake Mwalimu kwenye bao la sataranji. Akaja mlangoni na kabichi kwapani.

"Mwalimu wangu, niazime mtungi siku mbili tatu, hii kabichi isiharibike."

Moyo wa Mwalimu ulisema la, hasha. Mdomo wake ukasema, "Mtungi nao ni kitu cha kuombwa? Chukua, chukua!" Na akamsaidia kuubeba.

Siku mbili tatu zikawa miezi mitano. Kila jioni Mwalimu alikwenda kwa Ruan kucheza sataranji, na kila jioni mtungi ulikuwa mbele yake pale pembeni, umefunikwa vizuri, unamtazama. Akashindwa michezo mingi kwa sababu hiyo. Kumwambia mtu "nirudishie changu" ni kumvua nguo hadharani, na Ruan alikuwa rafiki wa miaka ishirini. Basi Mwalimu akawa anazunguka mbuyu. Siku moja alisema, "Kona yangu ya jikoni siku hizi imebaki wazi kabisa."

"Weka redio," akasema Ruan, akala farasi wake.

Siku nyingine alisema, "Kabichi mwaka huu zimependeza sokoni."

"Sana! Ukienda niletee tatu."

Na alimletea. Ndiyo tabia yake, nifanyeje mimi?

Jumapili moja kabla ya Mwaka Mpya, Suhua akapiga simu.

"Mtungi haujambo?" Kwanza mtungi, ndiyo salamu yake.

"Mzima," akasema Mwalimu, akitazama kona tupu.

"Nakuja Jumamosi kuuona. Na nisikilize vizuri, we mzee. Kijana wetu amesema tufunge nyumba hiyo, uje ukae nasi huku, kochi lipo. Mimi nimemwambia ngoja kwanza nikatazame. Nikikuta mtungi uko hai, nitajua nyumba ina mtu, nami nitarudi zangu kwangu. Nikikuta umekufa, unafungasha siku hiyo hiyo. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alisikia vizuri sana. Kochi lile alilijua. Lilikuwa ghorofa ya ishirini na tatu, fupi kwa miguu yake, na mbele yake palikuwa na televisheni ya katuni kuanzia alfajiri. Lakini si kochi lililomsumbua zaidi. Alikuwa amechoka kula wali kwa yai la kuchemsha akiwa peke yake, siku mia sita na zaidi, na sasa mke alikuwa tayari kurudi, na kizuizi kilikuwa mtungi ulio hatua kumi na nne kutoka mlangoni kwake. Angekuwa mtu mwingine angezitembea hatua hizo. Yeye alikaa mezani kuandika karatasi ya neno.

Na tazama vituko vya dunia: wiki ile orodha yake ya maneno ilikuwa imefika kwenye neno "borrow".

Mwalimu aliliona neno hilo kama mtu anayeona jina lake gazetini. Kuazima! Aliandika kwa raha ambayo hakuwa nayo tangu ujana. Maana ya kwanza: kuchukua kitu cha mtu kwa muda, kwa nia ya kukirudisha. Akapigia mstari "kwa nia ya kukirudisha" mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi. Maana ya pili: kuchukua wazo au neno la wengine. Maana ya tatu: kuazima katika hesabu za kutoa, pale tarakimu ya juu inapokuwa ndogo ikamwendea jirani yake wa kushoto. Chini ya makosa ya kuepuka akaandika lile kosa la kila mwaka: Wachina tuna neno moja la kuazima, linakwenda na kurudi, anayetoa na anayepokea wote wanalitumia, Mwingereza ana mawili, la anayepokea ni hili, usimpe anayetoa. (Na sisi Waswahili tusiwacheke, "azima" yetu nayo ni hiyo hiyo.) Akaongeza na usemi wa Kiingereza kuhusu mtu anayeishi kwa muda wa kuazima, akakumbuka Jumamosi, akapangusa jasho.

Kisha zikaja sentensi sita. Ya kwanza: Naomba kuazima kalamu yako. Ya pili: Tuliazima vitabu maktaba. Hapo akatazama dirishani, upande wa kwa Ruan. Ruan kila asubuhi alikunywa chai kibarazani, chini ya ile spika ya Bwana Bao, na tafsiri zote zilimwingia masikioni.

Ya tatu: Jirani yangu aliazima mtungi wetu wa achari mwezi wa saba. Ya nne: Mpaka leo hajaurudisha. Ya tano: Muungwana akiazima, hurudisha kabla ya Mwaka Mpya. Ya sita: Mke wangu anarudi Jumamosi.

Jina la Ruan hakuliweka. Alikuwa muungwana mno. Na hapo ndipo alipojichimbia shimo.

Darasani msichana mmoja alinyoosha mkono. "Mwalimu, sentensi ya sita haina borrow."

"Ni ya kukazia maana," akasema Mwalimu. "Karirini."

Alhamisi saa moja asubuhi, vinywa hamsini na viwili vikafunguka. "Borrow! Borrow! Kuazima! Jirani yangu aliazima mtungi wetu wa achari mwezi wa saba! Mpaka leo hajaurudisha!" Spika ikatetemeka. Sauti ikashuka ngazi za shule, ikapita sokoni, ikavuka mto, bata wakanyanyua shingo. Bwana Bao alifurahi, akaamuru wairudie mara tatu. Mwalimu alisimama nyuma ya darasa, uso umemwiva, anahesabu dakika. Kwa hesabu yake, kufikia adhuhuri Ruan angekuwa mlangoni na mtungi mikononi.

Adhuhuri ilifika. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Ou, muuza tofu, jirani wa upande wa pili, na mtungi mikononi kweli, lakini si ule.

"Mwalimu Miao!" Mama Ou alianza kabla hajavuka kizingiti. "Umenifanya nini? Umenitangaza kwa spika kama nguruwe aliyepotea! Kama ulitaka mtungi si ungeniambia?"

"Mama Ou, si wewe..."

"Si mimi nani? Jirani yako nani kama si mimi? Sawa, haukuwa mwezi wa saba, na haukuwa mwaka huu, Suhua aliniazima mwaka aliozaliwa binti yangu mdogo, na binti sasa ana mchumba. Nilisahau! Binadamu hasahau? Chukua. Na hii tofu ya aibu yangu, chukua nayo." Akavitua, akaondoka akifuta macho.

Mwalimu hakuwahi kujua kwamba Suhua ana mtungi kwa Mama Ou. Kabla hajakaa, wakaja wawili wengine. Mji ule kila mtu ni jirani wa mtu, na kila nyumba ina chombo cha nyumba nyingine chini ya kitanda, na sentensi ya tatu ilikuwa imemchoma kila mmoja mahali pake. Wahenga wetu walisema kukopa arusi, kulipa matanga, na siku ile Shiyanzi ilikuwa matanga matupu. Kufikia jioni Mwalimu alikuwa na mitungi minane, hakuna hata mmoja wa mkewe. Mitatu kati yake haikuwa hata ya ukoo wake. Wenyewe hawakukumbuka waliazima kwa nani, wakaona heri waikabidhi kwa mwalimu, mtu wa elimu atajua. Bwana Bao mwenyewe alirudisha mwavuli aliouazima miaka minne iliyopita, akausimamisha mlangoni, akasema tu, "Sentensi nzuri sana, Mwalimu." Mchinja bata alileta ngazi.

"Ngazi?" akauliza Mwalimu. "Sentensi ilisema mtungi."

"Nilisikia," akasema mchinja bata. "Lakini nimeona niilete mapema, kabla hujafika kwenye neno la ngazi."

Ndipo akaja Ruan. Mikono mitupu. Akasimama katikati ya mitungi minane, akaizunguka, akajikuna kichwa.

"Mwalimu wangu, umefungua duka?"

"Wananirudishia," akasema Mwalimu, na sauti ikamtetemeka kwa matumaini. "Walivyoazima."

"Ee, nilisikia asubuhi." Ruan akatazama dari. "Kuna watu hawana haya duniani. Mtungi wa mtu, tangu mwezi wa saba! Mimi ningekuwa wewe ningemwambia machoni."

"Ungemwambia?"

"Machoni."

Wakatazamana. Mwalimu akafungua kinywa, na kikatoka hiki: "Tucheze sataranji?"

Wakaenda kucheza, hapo hapo mbele ya mtungi. Ruan alicheza vibaya ajabu siku ile, lakini huzuni ilimzidi Mwalimu hata hakuligundua hilo, akashindwa.

Ijumaa yote alionja. Alikwenda na kijiti kutoka mtungi mmoja hadi mwingine, akilamba, akitema, akitafuta maji yanayokaribia ladha ya bibi yake Suhua. Hakuna. Mmoja ulikuwa na ladha ya soksi. Mwishowe akauchagua wa Mama Ou, kwa kuwa ulilingana tumbo na ule wenyewe, akaufuta vumbi, akauweka kwenye kona ya jikoni, akautazama kwa mbali, akafumba jicho moja. Ukipitiwa na usingizi kidogo, ungeweza kudanganyika.

Jumamosi saa nne Suhua akaingia na mabegi mawili na koti jekundu. Hakuuliza hali. Akapita mitungi saba ya sebuleni kama asiyeiona, akapita ngazi, akafika jikoni, akasimama.

"Huu nini?"

"Mtungi," akasema Mwalimu.

"Wa nani?"

"Wetu."

Suhua akafunua kifuniko nusu, akanusa mara moja, akafunika. "Huu niliuazimisha kwa Mama Ou kabla mvi zako hazijaota. Wangu uko wapi, Qingfu?"

Akimwita kwa jina lake ujue mambo yameharibika. Mwalimu akaingiza mkono mfukoni. Akatoa karatasi ya neno, akampa. Suhua hakujua Kiingereza hata herufi, lakini alisoma tafsiri, midomo ikicheza, mpaka ya tatu. Akainua macho.

"Jirani gani?"

"Ruan."

"Uko kwake?"

"Uko kwake. Pembeni, karibu na redio. Nauona kila siku."

"Na umemwambia aurudishe?"

"Nimemwambia." Akaionyesha karatasi. "Mara tatu. Kwa spika. Kwa lugha mbili."

Suhua alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia kufagia. Kisha akaenda dirishani, akalifungua, akaita kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu kula:

"Ruan! Mtungi wangu!"

"Naam, shemeji! Nauleta!"

Basi. Hiyo ndiyo sentensi yote. Kabla Mwalimu hajavua miwani aifute, Ruan alikuwa mlangoni, mtungi kifuani, anahema, amekuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Shemeji, karibu nyumbani. Figili bado siku tatu ziive, lakini pilipili ziko tayari." Akautua polepole, akamgeukia Mwalimu bila kumtazama. "Nilisikia, Mwalimu. Ya tatu na ya nne nilizisikia vizuri, chai ilinipalia. Lakini ningeurudishaje mtupu? Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nikaujaza maharage ya kijani nikuletee, yakatoka matamu, tukayala. Nikaujaza kabichi ulizoninunulia, tukazila. Kila nikiujaza, maji yale yana kitu ndani yake, mke wangu hawezi kujizuia. Nimekuwa nikiona haya miezi mitano."

"Lakini ulisema wewe ungemwambia machoni," akasema Mwalimu kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa nakufundisha cha kuniambia!"

Suhua hakuwasikiliza. Alikuwa amepiga magoti, amefunua mtungi, amechovya kijiti. Akaonja. Akafumba macho. Mwalimu alishika ukingo wa meza. Sijui kama amewahi kusubiri matokeo ya mtihani namna ile.

"Uko hai," akasema Suhua. Akachovya tena. "Uko hai sana. Umelishwa vizuri, umepewa tangawizi kwa wakati." Akasimama, akapangusa magoti. "Lakini si wewe uliyeutunza. Ameutunza Ruan. Kwa hiyo nyumba yenye mtu ni ile ya pili. Labda nihamie huko."

"Shemeji!" Ruan akashtuka.

"Nenda kwako, Ruan. Asante. Salimia mkeo, mwambie ameweka chumvi vizuri."

Ruan akatoweka. Wakabaki wawili, na mtungi, na mabegi ambayo hayajafunguliwa. Suhua alikuwa bado amevaa koti.

"Sasa, Mwalimu," akasema taratibu. "Kijana anasubiri jibu. Nimwambieje?"

Mficha uchi hazai, husema watu wa kwetu, na mzee huyu alikuwa ameficha kila kitu maisha yake yote. Aliitazama karatasi mkononi mwa mkewe. Hapakuwa na sentensi ya saba.

"Nataka ukae," akasema.

"Nini?"

"Nataka ukae. Kula peke yangu kumenishinda. Mayai nimeyachoka. Nimekukumbuka, Suhua, kila siku nimekukumbuka, na kwenye simu unaniuliza mtungi."

"Sikusikia vizuri," akasema Suhua, ingawa macho yake yalikwisha kulowa. "Miaka thelathini na mitano unawafundisha watoto wa watu kupaza sauti, na wewe sauti yako ndiyo hiyo?"

Mwalimu akavuta pumzi, akaziba masikio yake kwa viganja, kama wanafunzi wake, akapiga kelele: "NATAKA UKAE!"

Kichochoroni watu wakageuza vichwa. Kisha sauti ya Mama Ou ikapanda kutoka kwenye tofu zake: "Suhua mwenzangu, kaa basi! Wateja wangu wameangusha bakuli!"

Suhua akacheka mpaka akashika ukuta. Akavua koti, akalitundika kwenye ngazi ya mchinja bata, akakunja mikono ya sweta, akatoa pilipili mtungini na kipande cha nyama kutoka begi la Chengdu. Akafungua droo ya kwanza, akafungua ya pili.

"Kisu changu kikubwa kiko wapi?"

Mwalimu akakohoa. Akatazama dari, akatazama viatu vyake. Kisha akanyoosha mgongo, akaenda dirishani kwa miguu yake mwenyewe, akatoa kichwa nje.

"Ruan!" akaita. "Kisu!"